Mbwa Aliyelala Ukweni

Mwaka jana nilikwenda Bunda kumzika shemeji yangu Malima, na kabla sijaweka hata begi chini, mzee mmoja aliyekaa kando ya turubai akainua fimbo yake akaninyooshea. "Wewe si Magesa? Mbwa yuko wapi?" Wazee wenzake wakacheka, pale pale matangani, na mke wangu Nyangeta, aliyekuwa amefika akilia, naye akacheka na machozi yake usoni. Vijana walitazamana tu. Mbwa mwenyewe alikufa zamani, kabla wazazi wa hao vijana hawajaoana. Mimi nilikuwa nimefika na gari langu, nimevaa koti, nina mabucha Musoma na malori ya kubeba ng'ombe, na minada yote ya huku ukitaja jina langu unapewa kiti. Lakini Bunda sina jina hilo. Bunda mimi ni mtu wa mbwa. Sikukasirika. Nilikaa nikasema moyoni, hii habari niiweke sawa nikiwa bado na meno, kwa maana nimeisikia ikisimuliwa ovyo. Kuna wanaosema mbwa yule alikuwa na dawa. Hakuwa na dawa yoyote. Alikuwa na mimi.

Sitaanza na ukoo wangu. Ukoo haumchungii mtu ng'ombe. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili nilikwenda siku za mvua tu, wakati ng'ombe wanakaa karibu. Nitaanza na mwaka ule tulipohamishiwa kijijini. Tulikuwa tunakaa mbali mbali, kila mji na mlima wake, tukaambiwa tushuke tujipange kwenye mistari kijijini Buswahili, nyumba kwa nyumba, tupate shule na zahanati na maji. Mimi sina ugomvi na hilo, wanangu walisoma kwenye shule ile. Lakini ng'ombe hawakuhudhuria mkutano. Kila asubuhi tukiwafungua, wanachukua njia ya mahame, wanapanda mpaka kwenye zizi letu la zamani lililokwisha kuota magugu, wanasimama juu ya samadi kavu wanalia kama watu waliofiwa. Kijiji kizima kilikuwa hivyo. Jioni unakuta wanaume wazima wanapishana njiani, kila mmoja anafuata ng'ombe wake kwenye nyumba ambayo haipo tena, na matusi tele.

Wetu hatukuwafuata, kwa sababu tulikuwa na Tarishi. Alikuwa mbwa wa rangi ya majivu, kifua cheupe, sikio la kushoto limepasuka. Jina nilimpa kwa sababu ya tarishi mmoja wa bomani niliyemwona nilipofika Musoma mara ya kwanza, mtu anayetembea haraka bila kusema neno na kila mlango unamfungukia. Watu wananiuliza mpaka leo nilimfundishaje. Mbwa wa kuchunga hafundishwi kwa fimbo. Kwake yeye nyumbani ni pale anapokula na pale anapolala bwana wake, basi. Kwa hiyo tulipohamia nilikiacha chumba changu nikajenga kibanda ukingoni mwa zizi jipya, nikawa nalala pale na kula pale, ugali wa mtama na muhogo, vijisamaki vya furu vya kukaushwa, na vichwa vya furu vyote ni vyake. Mwezi haukuisha, akajua hapa ndipo. Tangu hapo ng'ombe akigeuza tu shingo kuelekea mahame, Tarishi ameshamzunguka na kumrudisha. Wengine wakaanza kuniletea ng'ombe zao nichunge pamoja na zetu. Nilirudi chumbani kwangu, nikalala kitandani kama mtu.

Chumba hicho kilitenganishwa na sebule kwa ukuta wa udongo usiofika juu, na mambo mengi makubwa ya maisha yangu niliyasikia kupitia mwanya ule. Jioni moja baba mdogo Wambura alikuja, akapewa michembe ya viazi vitamu na maziwa ya mgando, nikamsikia akitafuna huku akimwambia mama, "Shemeji, huyu mtoto wa Masatu kule Bunda, huyu Nyangeta, ana mtu mwingine. Karani wa chama cha pamba. Ana baiskeli ya taa, ana suruali ya kupiga pasi." Mama akauliza, "Na mwanangu ana nini?" Baba mdogo akatafuna kwanza. "Ana mbwa." Wakacheka wote wawili, mama mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa nimelala chali nikitazama nyasi za paa. Nyangeta nilimwonaga Butiama kwa shangazi yake, akipepeta ulezi uani, na neno la kwanza kuniambia lilikuwa, "Mbwa wako ana adabu kukushinda, yeye amesimama nje." Tangu siku hiyo nilikuwa nimekwisha. Kicheko kile cha sebuleni kilinichoma, sidanganyi. Lakini nilisema, sawa, nina mbwa. Tutaona.

Mzee Masatu hakuwa mtu wa tamaa. Ng'ombe aliotaja walikuwa wa haki na tulikuwa nao. Alikuwa na sharti moja tu, na ni la kwao, la wazee wa upande ule: ng'ombe wa mahari lazima walale zizini kwake mpaka siku ya mnada wa ng'ombe, ndipo binti atolewe. Wakitoroka kurudi walikotoka kabla ya siku hiyo, basi mahari imekataa, hakuna kujadili, na anayefuata mlangoni aingie. Anayefuata alikuwa karani. Mimi niliposikia sharti hilo nilijua karani ameshinda, kwa sababu mkoa mzima usingepata ng'ombe wabaya kwa kazi hiyo kuliko wa kwetu. Mwaka mzima walikuwa wanajaribu jambo moja: kurudi walikotoka.

Kwa desturi bwana harusi hapeleki ng'ombe mwenyewe, lakini vijana wote walikuwa wameshikwa na kazi ya kijiji, kuchoma matofali ya shule. Ikabaki mimi na baba mdogo. Akaniambia, "Mbwa abaki. Mtu haendi ukweni na mbwa, utafikiri unakwenda kuwinda." Nikamwambia, "Baba, Tarishi akibaki, hao ng'ombe hata Butiama hawafiki." Akakubali, kwa sababu alijua. Tukaondoka asubuhi na ukungu bado uko mabondeni, baba mdogo mbele na mwavuli wake, ng'ombe katikati, mimi na Tarishi nyuma. Ng'ombe jike mwekundu asiye na pembe ndiye aliyekuwa kiongozi wao, na kila tukifika njia panda anajaribu kugeuka, na kila akijaribu anakuta uso wa Tarishi. Butiama tulilala kwa shangazi yake Nyangeta. Magari ya wakubwa yalikuwa yanapita pale barabarani na vumbi lake, Tarishi hakuyatazama hata moja. Shangazi alitupikia kuku, akanikagua kuanzia miguu mpaka kichwa, akasema, "Viatu vyako vinacheka, lakini mbwa amenenepa. Mtu anayemnenepesha mbwa atamlisha na mke." Hilo neno nilitembea nalo mpaka Bunda.

Tulipokelewa kwa vigelegele. Masatu aliwapitia ng'ombe mmoja mmoja, akawashika nundu, akaridhika, wakaingizwa zizini. Mimi na baba mdogo tulipelekwa kulala kwa jirani, maana mkwe halali ukweni. Nililala usingizi wa mtu aliyeshinda. Asubuhi naamshwa na kicheko dirishani. Ni Malima, kaka yake Nyangeta, wa umri wangu, amejishika mbavu. "Shemeji! Amka! Mbwa wako anahama na mahari!" Nilitoka bila shati. Kumbe Tarishi, Mungu amrehemu, alipoona kumekucha na ng'ombe wetu wako kwenye zizi la watu, alifanya kazi niliyomfundisha. Alipita chini ya miti ya mlango, akawasukuma mpaka wakaiangusha, akawatoa wote kwa utaratibu, hakuna aliyepotea, akashika nao njia ya Butiama. Tuliwakuta mbali, wanatembea kwa mstari kama watoto wa shule, na yeye yuko nyuma. Aliponiona akatikisa mkia mpaka kiuno kikacheza. Alikuwa anasubiri nimsifu. Nami, njiani pale, mbele ya Malima, nilimsifu. Mbwa akifanya ulichomfundisha, humpigi kwa sababu wewe hukufikiri.

Nyumbani kwa Masatu wazee walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mmoja alisema mahari imekataa, mambo yameisha. Masatu akakuna kidevu. "Hawakurudi wenyewe," alisema. "Wamerudishwa. Ng'ombe anayeswagwa hajakataa kitu. Lakini sikilizeni: wakitoka tena, kwa mbwa au bila mbwa, hapo sina la kuongeza." Baba mdogo akanivuta kando. "Mfunge huyo shetani." Nikamwambia, "Nikimfunga, yule mwekundu ataondoka nao mwenyewe kesho. Hakuna wa kuwashika ila Tarishi." "Basi tumekwisha." "Hatujakwisha. Tarishi hajui tu kwamba hapa ni nyumbani." Baba mdogo alinitazama, akaona nilichokuwa nataka kufanya, akaketi chini kwenye vumbi na mwavuli wake. "Usithubutu, Magesa. Utatuaibisha mpaka vitukuu."

Nilithubutu. Jioni hiyo, kabla jua halijazama, mbele ya watu wote, nilichukua ngozi ya kulalia nikaingia zizini kwa baba mkwe wangu. Wewe usiyejua mila zetu huwezi kujua uzito wake. Mkwe anapita mbali na nyumba ya mama mkwe, hali chakula akionekana, hata jina lake halitaji. Mimi nikalala kwenye samadi yake. Bunda yote ilikuja kutazama. Wanawake waliokuwa wanarudi kisimani walisimama na ndoo kichwani. "Hee! Bwana harusi ameolewa na ng'ombe!" Mwingine akajibu, "Mwache, huyo kazoea, kwao wanalala hivyo." Malima alikuja kuegemea ua, akaniambia, "Shemeji, hata kama utashindwa, nitakukumbuka." Nikaendelea kumkuna Tarishi nyuma ya sikio lililopasuka. Mtu akishaamua kuchekwa, hakuna tena wa kumtisha. Hilo ndilo nililojifunza mwaka ule kuliko yote, na limenipa mali kuliko shule.

Sasa, chakula. Mbwa lazima ale pale, na mimi siwezi kula pale. Nilikuwa nimejiandaa kushinda njaa nikimpa Tarishi michembe yangu ya safari. Lakini jioni ile ile Nyangeta alikuja kwenye ua, ameangalia pembeni, amebeba bakuli kubwa limefunikwa. "Mama anasema hiki ni chakula cha mbwa," akasema, akaweka, akaondoka bila kunitazama. Nikafunua. Ugali wa ulezi, moto, laini, na sato mzima amepikwa kwa maziwa, na kando kibuyu cha togwa. Chakula cha mbwa! Mbwa gani anakunywa togwa kwa kibuyu? Siku ya pili kuku. Siku nyingine maharage na samli. Kila jioni Nyangeta anaweka bakuli anasema kwa sauti, ili wazee wasikie, "Cha mbwa hicho," na kila jioni anachelewa kidogo kuondoka. Mara moja alinong'ona, "Mama anauliza kama mbwa anapenda chumvi." Nikajibu, "Mwambie mbwa anashukuru, chumvi inatosha." Mama mkwe wangu sikuwahi kumwona uso mwaka wote ule, lakini nilijua tayari yuko upande wa nani. Nilikuwa nakula nusu, nampa Tarishi nusu, mkononi, kwenye kona ile ile ya zizi. Na mchana alikuwa na rafiki, jike la mbwa la rangi ya manjano la Mzee Masatu lililokaa chini ya ghala la mtama. Yote hayo yalikuwa yanamfundisha.

Siku ya mnada ilifika. Watu waliotoka mnadani walipitia kwa Masatu kwa makusudi, uwanja ukajaa. Ndugu za karani walikuja, na karani mwenyewe na baiskeli yake, mtu mpole tu, tulikuja kuwa marafiki. Alikuwepo pia mchuuzi mmoja wa ng'ombe tuliyemwita Baba Gati, mnene, kofia nyeusi, amekuja kucheka kama wengine. Masatu akatoka na koti lake la sikukuu. Akaniamuru nikae kwenye gogo, mikono magotini. "Hupigi mluzi, huiti, hukohoi," akasema. Kisha, "Malima, toa miti."

Malima akatoa miti ya mlango, yote. Zizi likabaki wazi. Ng'ombe walisimama kidogo wakinusa, halafu yule mwekundu asiye na pembe akatoka, na wengine wakamfuata, na alipofika uwanjani hakusitasita hata kidogo: akageuza kichwa kwenye njia ya Butiama. Mtu akasema, "Hao wanakwenda." Tarishi alikuwa amelala kando ya ua. Akainua kichwa. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini, kwenye vidole vyangu, nimeuma ulimi. Akasimama. Akaitazama njia. Kisha akaondoka mbio, akawapita ng'ombe wote, mbele kabisa, kwenye njia ya kwetu, mkia juu, kama anayewaongoza. Baba mdogo alifungua mwavuli akajifunika uso, na hapakuwa na jua wala mvua. Ndugu za karani wakaanza kusimama.

Tarishi alipofika mbele ya yule mwekundu akageuka. Akasimama katikati ya njia, miguu ameipanua, akambwekea puani mara moja tu. Ng'ombe akapiga kwato. Tarishi akamfuata kushoto, akamfuata kulia, akazunguka kundi zima chini chini kama kivuli cha wingu, na wote wakageuka, polepole, wakarudi uwanjani, wakapita mbele ya gogo langu, wakaingia zizini kwa Mzee Masatu. Na yeye, ng'ombe wa mwisho alipoingia, akajilaza mlangoni kukatiza, pale miti ilipokuwa, akaweka kidevu juu ya miguu yake. Halafu nyuma ya jiko, mahali nisipopaswa kutazama, ikapanda sauti ya mwanamke, kigelegele kimoja kirefu, peke yake. Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia. Wengine wote wakadakia, na Malima akanibeba mgongoni na samadi yangu yote.

Masatu alisubiri kelele ziishe, akasema, "Binti atatolewa. Lakini huyu mbwa anabaki hapa na ng'ombe." Nikashuka mgongoni kwa Malima. "Baba, mbwa habaki." Baba mdogo akanifinya mpaka nikaona nyota. Masatu akakunja uso. "Unaninyima mbwa, nikupe mtoto?" Nikamwambia, "Ng'ombe uliotaja nimetoa wote. Mbwa hukutaja, na ningekuwa mtu wa kumwacha mwenzangu aliyenihangaikia hivi, wewe mwenyewe usingenipa mtoto wako." Nikaongeza, "Ng'ombe hawatatoka sasa, wameshafundishwa kwamba hapa ni kwao. Na wewe una jike lako la manjano pale chini ya ghala. Limekuwa na Tarishi siku zote hizi. Subiri mvua, utakuwa na matarishi wako." Mzee alitazama ghala, akanitazama mimi, mabega yakaanza kumtikisika. "Kumbe!" akasema. "Wewe umetoa mahari, na mbwa naye ametoa yake!" Kicheko kile kilisikika mpaka mnadani.

Baba Gati hakucheka. Alinifuata akiwa ameshika kofia yake mkononi. "Kijana, nina kundi la kufikisha Musoma, na wachungaji wangu wameshalewa. Njoo na huyo." Ndivyo nilivyoanza. Nyangeta alipotolewa, baba mdogo alikuwa amempangia safari ya basi mpaka Musoma, na sanduku lake limeshapandishwa juu. Nami nikapita stendi nyuma ya kundi la Baba Gati, Tarishi ananusa matairi. Kondakta akapiga kelele, "Mbwa hapandi!" Nikamwambia, "Hakuna aliyekuomba." Nyangeta akatoa kichwa dirishani. "Mimi nikifika Musoma kwa basi," akamuuliza baba mdogo, "nitamsubiri nani?" Akashuka. Sanduku likapanda basi na baba mdogo, sisi tukapanda barabara. Tulipita Butiama, shangazi akatazama viatu vyangu akasema vinacheka zaidi, na tukaingia Musoma kupitia Bweri, ziwa linang'aa mbele yetu, kundi limetimia, bibi harusi na fimbo begani, watu wanatupisha. Tarishi alikwenda moja kwa moja ziwani akanywa kama mwenye ziwa. Tangu siku ile sijawahi kumwomba mtu kazi.

Nyangeta anasema nimesahau kwamba mama yake alituma pia bakuli la njiani, na kwamba lilikuwa la mbwa. Sijasahau. Basi, pale matangani, yule mzee alikuwa bado amenyoosha fimbo, anasubiri jibu. "Magesa, nimekuuliza. Mbwa yuko wapi?" Nilitazama ng'ambo ya turubai, kwenye zizi la marehemu shemeji yangu, zizi lile lile, ingawa ua sasa ni wa seng'enge. Jua lilikuwa limesimama na ng'ombe wanacheua. Mlangoni, kukatiza, kidevu juu ya miguu, alikuwa amelala mbwa wa rangi ya majivu, kifua cheupe. Alifungua jicho moja, akaona watu ni wa matanga tu, akalifumba.

"Yuko kazini," nikamwambia.